Panga Lenye Nembo

Mradi wetu wa kuokoa migomba ulikuwa na magari mawili, wakubwa wanne na mwanasayansi mmoja. Magari yalibadilishiwa oili kila baada ya kilomita elfu tano. Mwanasayansi hakuwa na ratiba ya namna hiyo.

Mimi ni Jovin, dereva. Niliishia darasa la saba na sioni haya kusema, maana mshahara wangu uliingia kila mwisho wa mwezi bila kuniuliza vyeti. Prudensia alikuwa na shahada ya vijidudu, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne wa kujitolea. Neno zuri hilo. Mwambie mtu kwamba anatumikishwa, atakasirika. Mwambie anajitolea, atakushukuru na kukuomba barua ya utambulisho. Alipewa nauli ya bodaboda, fulana mbili na ahadi.

Safari hii ahadi ilikuwa na tarehe. Wafadhili walikuwa wanakuja kutuhesabu, na fomu yao ilitaka wanasayansi sita, angalau mmoja awe mwanamke wa chini ya miaka thelathini na mitano. Prudensia alikuwa amebakiza wiki tatu kuifikisha miaka hiyo. Meneja wetu, Bwana Deodatus, mtu wa Muleba mwenye stashahada ya uongozi na tumbo la kuithibitisha, akamwita ofisini.

"Binti yangu, utasaini mkataba mbele ya wageni. Tena kwenu Nyakatuntu, mama yako akishuhudia. Lakini ukivuka thelathini na mitano, fomu haina mahali pa kukuweka."

Prudensia alitoka pale akicheka peke yake. Mama yake aliuza ng'ombe wawili kumsomesha, na kila Jumapili baada ya ibada wanawake wenzake wa kanisani walimuuliza kwa upole wenye pilipili: "Daktari wetu bado hajapata kazi?"

Kisha nikaitwa mimi.

"Jovin, una koti jeupe?"

"Sina, bosi."

"Utapewa. Utavaa, hutasema."

Nikavaa. Siku ya wageni nilipewa shikamoo na watu walionizidi umri, nami nikaziitikia zote.

Tulianzia Nyaishozi, kwenye kibanja cha migomba cha mzee Kahigi, ambacho ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umekwisha kukimaliza. Deodatus alishika panga la mradi, akakata mgomba mgonjwa ili wageni waone usaha wa njano ukichuruzika. Wageni wakaguna, wakapiga picha. Akalifuta panga kwa leso, akanirudishia.

Hapa lazima niseme habari ya panga. Ugonjwa huu husafiri kwa chuma. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa panga lilelile, umeupanda ugonjwa mwenyewe. Kinga yake ni moto: unaliunguza panga mpaka lipate moto sawasawa, ndipo unaingia kibanja kingine. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wanalijua hilo kwa sababu Prudensia aliwahubiria miaka minne. Na mradi wetu, uliozaliwa kupambana na ugonjwa huohuo, ulinunua mapanga mia tatu yenye mpini wa plastiki. Prudensia aliandika barua kuomba ya mpini wa mti. Alijibiwa kwamba nembo ya mradi haikai vizuri kwenye mti.

"Bosi, naomba dakika kumi tuliunguze," alisema palepale kwa Kahigi.

"Liyeyuke mbele ya wageni? Tuna ratiba."

Nikalitia panga ndani ya gari, tukaondoka.

Nyakatuntu tulimkuta mama yake, Anatolia, amevaa kitenge cha Krismasi. "Karibuni waitu, karibuni ndugu zetu," alisema, akawapa wageni kahawa ya kutafuna. Walitafuna kwa heshima huku macho yakitafuta pa kutemea. Kibanja chake kilikuwa kimestawi kweli, mikungu imeinama mpaka karibu na ukuta wa jiko. Mezani uani kuliwekwa faili la bluu, na juu yake kalamu. Anatolia hakuliondolea macho faili lile.

Huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, hukatiwa mkungu. Anatolia aliinuka kufuata panga lake, Deodatus akamzuia.

"Hapana mama, mgeni akate mwenyewe kwa panga la mradi. Tupige picha, halafu tusaini. Daktari Jovin, lete panga!"

Nikalileta. Nilijua lilikotoka na nilijua lilichokata, na bado nikalileta. Posho yangu ya siku mbili ilikuwa inasubiri sahihi ya Deodatus, na ulimi wa mtu anayesubiri posho ni mzito.

Prudensia alilitazama panga, akalitazama faili, akaitazama migomba ya mama yake.

"Bwana meneja, lipite motoni kwanza."

Deodatus alitabasamu kwa ajili ya wageni, akasema kwa sauti ya chini, "Faili lile pale. Chagua."

Prudensia alilichukua panga mkononi mwangu, akaingia jikoni, akalisukumiza chini ya chungu. Harufu ya plastiki ilijaa uani. Alipotoka, chuma kilikuwa cheusi na safi, mpini umelegea, na nembo imekunjamana kama uso wa meneja wetu.

"Huyu ni nani?" mgeni mmoja aliuliza.

"Mimi ndiye mwanasayansi," alisema Prudensia.

"Anajitolea tu," Deodatus alidakia, akalifunga faili na kulitia kwapani. "Mkataba tutaupitia upya."

Mkungu ulikatwa kwa panga la Anatolia, na hakuna aliyepiga picha. Tulipokuwa tunapanda gari nilimsikia mama yule akiuliza, "Lilikuwa limekata mgomba mgonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umefanya vizuri," alisema, kisha akajifunika uso kwa kitenge chake cha Krismasi na kulia. Niliona aibu, nikawasha gari haraka.

Ripoti ilitoka baada ya miezi miwili. Wanasayansi sita, wote wameajiriwa. Jina la kwanza, Prudensia: mwanamke, chini ya miaka thelathini na mitano. Wakati huo alikuwa ameshaifikisha, yuko kwao analima maharage. Jina la sita lilikuwa langu.

Ripoti haikanushwi. Nikapandishwa cheo, nikawa msaidizi wa kitaalamu mwenye nyongeza ya mshahara. Wiki iliyopita nilikuwa Isingiro, na mkulima mmoja akanipeleka kwenye mgomba wake ulionyauka. "Daktari, ni ule ugonjwa?" Nikaukata kwa panga langu, nikakunja uso, kisha nikazunguka nyuma ya gari na kumpigia Prudensia.

Alinieleza yote kwa uvumilivu, bure, kama alivyozoea. Nikarudi nikayasema kwa sauti nzito, mkulima akaniitikia kwa kila neno. Vibanja vingine kumi na viwili vilikuwa vinanisubiri kabla ya jioni.

Lakini kule nyuma ya gari, kabla ya kukata simu, Prudensia alikuwa ameniuliza jambo moja tu. "Panga umeliunguza?"

"Nimeliunguza," nilimwambia.

Lilikuwa miguuni pangu, na nembo yake iking'aa.