Fimbo ya Kurudishia Saa

Jumatatu, tarehe nne Machi, kulikucha na mvua ya barafu. Ngazi za jengo la Bunge mjini Washington ziling'aa kama kioo. Farasi wa magari ya kukodi waliteleza wakapiga magoti, na mchungaji aliyetakiwa kufungua kikao cha Seneti alianguka kwenye ngazi ya kwanza, akarudishwa nyumbani na mguu uliofungwa ubao. Kikao kikaanza bila sala.

"Siku ya mwisho, na hamjamwambia Mungu hata shikamoo," Obed Tansill alinung'unika mlangoni.

Obed alikuwa bawabu wa mlango mkuu wa Seneti, mzee wa kanisa, mjane asiye na mtoto. Juu ya mlango wake palikuwa na saa kubwa ya ukutani, na pembeni mwa kiti chake ilisimama fimbo ndefu yenye ncha ya shaba. Saa sita mchana ya siku hiyo Bunge la miaka miwili lingekufa, na kila mswada usiotiwa saini ungezikwa nalo. Kwa hiyo tangu zamani, maseneta walipoona muda unawakimbia, bawabu aliamriwa kuusukuma mshale urudi nyuma. Wao walitazama dari na kucheka, na saa sita ikangoja mpaka wamalize.

Rais hakucheka. Kwa desturi ya siku ya mwisho alikuwa amekuja mwenyewe, ameketi katika chumba kidogo kando ya ukumbi, anasaini miswada ya mwisho. Lakini mwaka huu alikuwa na ugomvi na Seneti. Mswada wao wa bandari alikuwa ameukataa, nao walitaka kuupitisha kwa nguvu juu ya kichwa chake. Walihitaji theluthi mbili ya kura. Kura zilikuwepo, ila wenye nazo baadhi yao walikuwa bado wamekwama barabarani kwenye barafu.

"Umesikia alichosema mkubwa wangu?" Ilikuwa sauti ya Ansel Quigg, tarishi wa Rais, aliyeingia akipangusa kofia. Yeye na Obed walikuwa wametaniana mlangoni hapo tangu ndevu zao zikiwa nyeusi.

"Mbeba 'hapana' wa Rais umefika," Obed alisema. "Leo umetuletea hapana ngapi?"

"Nyamaza, mwizi wa dakika. Nasema hivi: mkubwa ameapa. Fimbo yako ikigusa tu ile saa, anaweka kalamu chini na kuchukua kofia. Hasaini sheria kwa saa ya uongo."

Utani ukamtoka Obed. "Na karatasi ya Bi Keturah?"

"Iko mezani, chini ya nyingine. Unamjua yule bwana, anasoma kila neno kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Niombee muda, mzee mwenzangu. Muda wa kweli, si wa fimbo." Akarudi haraka chumbani kwa Rais.

Obed alitazama juu, kwenye viti vya wageni. Keturah Pruitt alikuwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake nyeusi, mikono juu ya mapaja. Alikuwa jirani yake na mwenzake wa kanisani, mama aliyempelekea mkate wa mahindi kila Jumamosi na kumgombeza kwa vifungo vilivyokatika. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mumewe, Silas, alishikwa na homa njiani, akaachwa ghalani kwa mkulima mmoja, akafia humo. Karani wa kikosi hakuuliza. Aliandika kwamba ametoroka. Tangu siku hiyo Silas alilala nje ya ukuta wa makaburi ya askari, bila jiwe, huku wenzake wakilala ndani. Mswada wa Keturah ulisema jambo moja tu: kwamba Silas Pruitt hakutoroka. Wawakilishi walikuwa wameukubali, Seneti imeukubali, ilibaki saini.

"Tansill!" Seneta Cassius Ballou alikuwa akija kati ya madawati, akivuta mguu wake uliojeruhiwa vitani. Ndiye aliyekuwa baba wa mswada wa bandari. "Chukua fimbo. Tuongezee nusu saa mpaka wale wavivu walioko barabarani wafike."

"Mheshimiwa, mapema hivi?"

"Rais yupo hapo ndani anaihesabia pumzi saa yetu. Hii ni Seneti, si jikoni kwake. Saa ya humu ni yetu. Sukuma!"

Maseneta wakapiga madawati. "Sukuma, Tansill! Sukuma, babu!"

Obed akaichukua fimbo. Akikataa, Ballou angempokonya fimbo na kumpa mwingine. Akitii, Rais angeondoka, na Silas angebaki nje ya ukuta. Aliinua macho kwa Keturah. Yule mama hakujua lolote la chini huku. Alimtikisia kidole kwa sababu kifungo cha koti kilikuwa kinaning'inia.

Obed akalaza fimbo sakafuni.

"Mheshimiwa, leo hatujasali."

"Nini?"

"Mchungaji ameanguka. Siwezi kutia mkono kwenye siku ambayo haijaombewa. Naomba niiombee, kisha mniamuru."

Hakuna seneta ambaye angependa magazeti yaandike kwamba alikataa sala. Vichwa vikaanza kuinama, kimoja kimoja, cha Ballou mwisho.

Obed akapiga magoti chini ya saa. Alimshukuru Mungu kwa mkate na kwa mvua. Aliwaombea maseneta hekima na Rais uvumilivu, kisha akawaombea maseneta uvumilivu na Rais hekima. Aliombea majimbo, akianzia Maine, na hakuruka hata moja.

"Anaenda mpaka California kwa miguu," seneta mmoja alinong'ona.

"Afadhali ya ile reli yako isiyofika," mwenzake alimjibu.

Mwanzoni Obed alisali huku sikio lake liko mlangoni. Lakini alipofika kwa waliokufa vitani, alisahau sikio. Aliwataja vijana wa mtaa wake kwa majina. Akamtaja Silas Pruitt, aliyekufa kwenye majani makavu akimwita mkewe, na mtu aliyeandika uongo kwa sababu uongo ulikuwa mfupi kuliko kuuliza. Nyuma yake Ballou alipenga kamasi kwa kishindo.

"Amina," Obed alisema mwishowe.

Mlango ukafunguliwa. Ansel Quigg alisimama wima, akainama kama desturi inavyotaka, na sauti yake ikajaa ukumbi. "Ujumbe kutoka kwa Rais! Ametia saini mswada wa kuliondolea jina la askari Silas Pruitt shutuma ya kutoroka jeshini!"

Kule juu Keturah alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Vizuri, heri yake," Ballou alisema kwa haraka, macho mekundu. Mshale ulikuwa umebakiza hatua ndogo kufika saa sita. "Sasa sukuma!"

Obed hakuokota fimbo. "Hapana, Mheshimiwa."

"Mama wa watu ameshapata chake! Unamwogopa nani?"

"Tukirudisha saa leo, kesho mtu atasema Silas alisafishwa kwa saa ya uongo. Watamtoa tena nje ya ukuta. Aliwekwa huko na uongo mdogo kama huu, bwana. Nifukuze kazi, nitakwenda."

Ballou alimtazama, akatazama viti vya wageni, akatazama mguu wake mwenyewe. Hakumpa mtu mwingine fimbo, na saa ikaanza kugonga. Nyundo ya mwenyekiti wa kikao ikapigwa, na mswada wa bandari ukafa.

"Basi Rais yule mkaidi ameshinda," Ballou alisema, akikaa kwenye kiti cha bawabu bila kuombwa.

"Leo tu, Mheshimiwa," Ansel alimjibu. "Desemba Bunge jipya likianza, mtarudi mgombane naye upya. Msipogombana, mimi nitabeba nini?"

Ballou alicheka bila kutaka. Keturah alikuwa ameshuka ngazi, amemshika Obed mkono wa koti, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye kile kifungo.

"Na Desemba nikikuamuru tena, Tansill?" Ballou aliuliza.

Obed aliokota fimbo, akaiweka magotini mwa seneta. Alisema kwa sauti, ili maseneta, tarishi na mjane wasikie wote:

"Mbele yenu na mbele za Mungu naahidi: fimbo hii sitaiinua tena kwenye saa, hata aniombe seneta, hata aniombe Rais mwenyewe."