Hongo ya Kunde

Sungura walianza na mchicha, wakahamia kwenye matembele, na mvua zilipokolea wakaingia kwenye kunde. Mama Veneranda alijaribu kila alilolijua. Alizungushia bustani miiba, wakapenya chini yake. Alimwaga majivu, mvua ikayasomba. Alitwanga pilipili akanyunyiza, wakasusa kidogo tu, kisha wakarudi na njaa zaidi.

Hakuwa na shamba jingine. Ni hicho kipande cha nyuma ya nyumba, huku upande wa Kipalapala, alichoachiwa na marehemu mumewe, na kunde zile ndizo zingemvusha hadi mahindi yakomae. Basi akaenda kwa mkulima mmoja wa tumbaku, akaomba dawa ya kuulia wadudu, akaipulizia mstari mmoja tu, ule wa kando ya uzio ambako sungura huanzia. Hakupenda kuua kiumbe cha Mungu. Alisali Salamu Maria kwanza, kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti ili watu wajue.

Sasa, jirani yake Yoramu, fundi baiskeli, alikuwa Mgogo, na Mgogo kwa Mnyamwezi kama Veneranda ni mtani. Tangu Veneranda afiwe, hakuna aliyemchekesha kama huyo. Alizoea kuingia bustanini bila hodi, akachuma atakacho, kama mtani anavyoruhusiwa, na alichochuma akakiita hongo.

"Babu zako walipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani," alikuwa akimwambia. "Walitoa hongo kwanza, ndipo tukawaachia njia na maji. Nyie wapagazi hamjamaliza kulipa."

Jumamosi ile asubuhi alipita, akakiona kitambaa.

"Umetundika bendera! Umeshakuwa serikali?"

"Nimetia sumu hapo. Kula ufe, Mgogo we, nipate ubwabwa wa matanga."

"Sumu! Mwaka jana ulisema mapapai yako yana uchawi. Nimeyala, ona nilivyonenepa!"

Wakacheka wote wawili. Veneranda alitaka kumwita tena, amwambie kwa sauti ya kawaida, lakini alikuwa anachelewa sala ya Jumuiya. Akajiambia, si nimeshamwambia? Akashika njia, rozari mkononi.

Baada ya sala yeye na wanajumuiya wenzake walikwenda kumwona mgonjwa, ikawa alasiri aliporudi. Alipitia bustanini kabla hata ya kufungua mlango. Mstari wa uzioni ulikuwa umepukutishwa. Akainama. Sungura hukata kwa meno, bua hubaki na ncha ya mshazari kama limepitiwa na kisu. Mabua haya yalikuwa yamevunjwa kwa vidole.

Alikimbia kwa Yoramu, kanga ikamdondoka njiani, hakuirudia.

Yoramu alikuwa amelala mkekani, mate yakimtoka, jasho jingi, miguu ikitetemeka. Mkewe Yustina ndiyo kwanza amefika kutoka kwa dada yake Gongoni. Alikuta sufuria tupu jikoni, majani machache yameganda ukingoni. Ndugu wawili wa Yoramu walisimama mlangoni wakisema ni malaria.

"Si malaria," alisema Veneranda akihema. "Amekula sumu yangu. Nimemuua mimi."

Ndugu mmoja akaangua kicheko. "Wanyamwezi nyie! Hata mtu akiugua hamwachi?"

"Nasema kweli!"

"Kaa chini, mpagazi, upumzike," alisema yule wa pili. Hata Yoramu alijaribu kutabasamu.

Veneranda alitazama nyuso zile akaona hakuna neno litakalomsaidia. Yote alishayatumia kwa mzaha. Wanawake wa huku humpigia goti mkubwa wanapomwamkia. Mtani hapigiwi goti, husalimiwa kwa tusi. Alipiga magoti yote mawili mbele ya mkeka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Kicheko kikakatika. Yoramu alimkodolea macho, tabasamu likamtoka, na hapo ndipo alipoogopa.

"Majani gani?" aliuliza Yustina kwa sauti ndogo. "Mama Veneranda, majani gani?"

Walimpakia kwenye pikipiki, ndugu mmoja akimshikilia kwa nyuma. Hospitali walifika. Madaktari walihangaika naye, lakini sumu ilikuwa imekaa mwilini kutwa nzima. Alikata roho kabla ya magharibi.

Makaburini Veneranda alisimama mbali, nyuma ya watu wote. Mzee mmoja wa Kigogo aliuliza kama marehemu ana mtani hapa, maana hazikwi mtu hivihivi, bila mtani wa kumtania kaburini, kama asiye na watu. Kisha Yustina akanyoosha mkono bila kugeuza uso.

"Yule pale. Aje afanye kazi yake."

Wakampisha. Veneranda alifika ukingoni mwa kaburi.

"Mvivu we," alisema. "Amka. Wenzio wanashika majembe, wewe umelala."

Kwenye misiba mingine hapo watu wangecheka, wakapata nafuu. Hakuna aliyecheka. Udongo uliendelea kuporomoka.

"Amka, Mgogo. Unajifanya bwana mkubwa, unabebwa na watu."

Alimtazama Yustina. Yustina alikuwa anatazama kaburi.

"Amka basi," alisema Veneranda, na akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.