Namba Chini ya Lebo

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza tangu asubuhi, na haikuonyesha dalili ya kunyesha kweli wala ya kuacha. Binti alisimama mbele ya kaunta ya fundi wa kompyuta, bado amevaa koti jeupe la maabara ya shule anakofanya kazi, akiuliza swali lile lile kwa mara ya tatu wiki hiyo.

"Hakuna njia nyingine?"

"Njia zipo, dada yangu, ila zote zinapita kwenye namba ya leseni ya mfumo wa kompyuta," fundi alisema. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. "Diski ya zamani imekufa. Ingekuwa inapumua hata kidogo, ningeichokonoa namba humo humo. Hii mpya haimjui mtu. Imewapa siku thelathini za majaribio, zimekwisha, sasa inataka kitambulisho."

"Nikinunua mfumo mpya?"

"Programu ya mzee haitakubali. Ni ya zamani, inaelewana na mfumo wake wa zamani tu, na huo hauuzwi tena. Ni kama wazee wawili waliooana. Ukimwondoa mmoja, mwingine anagoma kula."

Siku nyingine binti angecheka.

Programu hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya baba yake. Miaka miwili iliyopita madaktari walimpasua koo. Uvimbe uliondoka na sauti ikaondoka nao. Tangu hapo mzee alichapa maneno kwa kidole kimoja, na kompyuta ikayasoma kwa sauti nzito ya mwanamume asiyejulikana. Lakini tangu Jumanne kompyuta ilionyesha ukurasa mmoja tu, wenye visanduku ishirini na vitano vitupu. Mzee akawa kimya. Aliweza kuandika kwenye daftari, na aliandika, lakini mkono ulimtetemeka kiasi kwamba mwandiko wake ulisomwa na mtu mmoja tu duniani, naye ni binti.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Jumamosi saa nne asubuhi kaka yake mkubwa angekuja ili waamue kama baba ahamie kwake. Baba alikwisha kuandika jibu: siendi. Binti alimsomea kaka kwa simu. Kaka, ambaye ni mpima ardhi na haamini mstari ambao hakuupima mwenyewe, alijibu kwa upole, "Mdogo wangu, sisemi unadanganya. Ila nitajuaje kama baba ndiye aliyeandika hivyo, au wewe ndiye uliyesoma hivyo?"

Jambo ambalo kaka hakulijua ni kwamba binti alitaka mzee aende. Alisafisha mrija wa kupumulia shingoni mwa baba mara tatu kwa siku: kabla ya kazi, mchana kwa kukimbia, na jioni. Kwa miaka miwili hakuwa amepata usingizi wa kushiba. Sasa alikuwa akizunguka mji mzima kuitafuta sauti ambayo, ikipatikana, ingemwambia mambo yabaki kama yalivyo. Jambo hilo lilimchosha kuliko mrija wenyewe.

Kutoka kwa fundi alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya zamani ya baba. Mzee alikuwa mtunza ghala hapo kwa miaka thelathini, na hadi leo waliokuwapo walimwita Bwana Stoo. Kompyuta ilikuwa mali ya ofisi hiyo kabla ya kuuzwa pamoja na vifaa vingine vilivyochakaa. Mtunza ghala wa sasa alishusha leja kutoka rafu ya juu, akapangusa vumbi kwa kiwiko.

"Bwana Stoo hakuacha kitu bila kukiandika," alisema.

Mwandiko ulikuwa wa baba, wa enzi mkono ulipokuwa umetulia. Kifaa namba 417. Kompyuta, nyeusi. Chaja moja. Mkwaruzo mmoja upande wa kushoto, urefu sentimita nne. Namba ya leseni haikuwamo.

"Mkwaruzo kaupima kwa rula," binti alisema, "leseni kaisahau."

"Mkwaruzo una ugomvi, dada. Mtu anarudisha kifaa, anakula yamini kwamba alikikuta hivyo. Leseni nani angeigombania?"

Nyumbani alimkuta baba mezani, kompyuta iliyofungwa ikiwa mbele yake kama sahani iliyokwisha kuliwa. Alimweleza yote. Mzee alisikiliza, akafumba macho, akayafumbua, akavuta daftari.

*Chini ya lebo,* aliandika.

Binti aliigeuza kompyuta. Katikati ya tumbo lake palikuwa na lebo nene ya ofisi yenye namba 417. Pembeni mwake ulichungulia ukingo wa karatasi nyingine, mwembamba kama unywele.

"Baba, ulibandika lebo ya ofisi juu ya stika ya leseni?"

*Kanuni ilisema mahali tambarare.*

"Ulizibandika ngapi hivi?"

*Zote arobaini.*

Binti alifungua droo akatoa kisu. Mkono wa mzee ulitua juu ya wake.

*Lebo haibanduliwi bila barua.*

"Ofisi iliiuza, baba. Ni yetu."

*Leja haijaifuta. Umeiona mwenyewe.*

Binti hakuwa na nguvu hata ya kukunja uso. Alichana karatasi kutoka kwenye daftari, akaketi, akaandika: Kwa Mtunza Ghala Mkuu. Yah: Ombi la kubandua lebo namba 417. Mzee aliisoma, akairudisha, akagonga kona ya juu kwa kidole. Tarehe haikuwapo. Binti aliiweka. Mzee aliidhinisha kwa saini iliyotambaa hadi ukingoni, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Ilimchukua binti muda kutambua kwamba anacheka.

Ijumaa baada ya kazi, fundi aliipasha lebo joto kwa mashine ya kukaushia nywele, akaingiza kisu chembamba upande mmoja, akavuta taratibu. Lebo ilitoka, ila haikutoka peke yake. Nusu ya herufi zilibaki kwenye kompyuta, na nusu ziling'ang'ania gundi ya lebo, zimegeuka kinyume.

"Usikate tamaa," fundi alisema, ingawa yeye mwenyewe alishusha pumzi. "Lete hicho kioo."

Binti alishika kioo mbele ya lebo, fundi akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akasoma. Herufi ishirini na tatu zilisomeka bila shaka. Moja ilikuwa B au nane. Nyingine ilikuwa G au sita.

"Basi ni michanganyiko minne," fundi alisema. "Na mfumo huu una hasira. Ukikosea mara tatu, unajifunga siku saba."

Walijaribu B na G. Ikakataa. Walijaribu nane na sita. Ikakataa. Fundi alisukuma kiti nyuma.

"Inayofuata ndiyo ya mwisho. Ukitaka tuishie hapa, mwambie mzee tumejitahidi. Wala hutakuwa umesema uongo."

Simu ya binti iliita. Alikuwa kaka.

"Bado unahangaika na hiyo mashine? Pumzika, mdogo wangu. Kesho tutazungumza sisi, baba atatusikiliza."

Binti aliitazama ile lebo juu ya meza. Njia ya kujitoa ilikuwa wazi, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuitumia. Kulala, kulala tu. Kisha akamwona baba akilini mwake, yuko kochini, amewekwa kati ya watu wawili wenye afya, akisikiliza.

"Atazungumza, kaka," alisema, akakata simu. Aliinamia kioo tena, akaisogeza lebo kwenye mwanga wa dirisha, akatazama mpaka macho yakamtoka machozi. "Hii sita mkia wake umejikunja, haina kiguu. Na huyu mwingine mgongo wake umenyooka. Weka B na sita."

Fundi alichapa. Ukurasa ulikaa kimya, ukageuka rangi, ukafunguka. Hakuna aliyeshangilia. Fundi alivua miwani zote mbili na kujisugua macho.

Jumamosi kaka alifika saa nne kamili. Alizungumza kwa robo saa: chumba chenye dirisha kubwa, bustani, muuguzi wa kuja asubuhi. Alizungumza vizuri, na alimaanisha. Baba alichapa. Ilisikika sauti ya vitufe tu.

"Chumba ni kizuri," kompyuta ilisema. "Siendi."

Binti alivunjika moyo, naye akaona haya kwa hilo.

"Baba, basi mfikirie mdogo wangu," kaka alisema. "Mwone alivyokonda."

Mzee alichapa tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Huyu amechoka," sauti ilisema, bila kupanda wala kushuka. "Namwona kila siku. Sikuliandika daftarini kwa sababu msomaji ni yeye. Angeuruka mstari."

Binti alijua ni kweli, angeuruka.

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili," kompyuta iliendelea, "mrija ni wako."

"Wangu mimi?" kaka alisema. "Baba, mimi sijui kusafisha mrija."

"Utafundishwa."

"Na umbali je? Kutoka kwangu hadi hapa—"

"Wewe ni mpima. Pima."

Kaka alimtazama dada yake kana kwamba anatafuta msaada. Binti hakumpa. "Tujaribu wiki mbili," kaka alisema hatimaye, kwa shingo upande.

Kaka alinawa mikono mara mbili, akasafisha mrija kwa maelekezo, akatoka nje kuvuta hewa, akarudi kumaliza. Baba alichapa ratiba ya mwezi mzima, si ya wiki mbili, akaihifadhi. Fundi alipigiwa simu kupewa habari. Alisema vizuri, akaendelea na kompyuta ya mtu mwingine. Binti aliingia chumbani saa saba na nusu mchana, akavua viatu, akalala. Hakuna aliyemwamsha.