Milimita Mbili za Bibi Kipimo

Nyumba ya Bibi Kipimo ilichunguzwa kuliko mgonjwa. Walitangulia watafiti wa udongo, wakachota mfuko mzima uani. Wakaja wa mbu, wakatega mitego yao chini ya kitanda. Kisha akaja binti wa elimu ya jamii na maswali sitini na mawili, la arobaini liliuliza, "Jana ulizungumza na watu wangapi?" Kila mmoja alipata alichokifuata, akashukuru, akaenda zake. Majibu hayakurudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja, mwenyeji akabaki na ugonjwa wake.

Aliyebaki ni kijana mtafiti wa mvua. Yeye alisimika uani chombo cha kupimia mvua, akamfundisha bibi kusoma mistari yake. Kazi nyepesi kwa fundi cherehani aliyepima viuno vya watu miaka arobaini, hata akapewa jina la Kipimo. Kila ikinyesha, asubuhi yake apige simu.

"Ukikuta pakavu usijisumbue, bibi. Siku isiyo na simu tunaandika sifuri."

Kiangazi kikaingia. Wiki ya kwanza sifuri, ya pili sifuri. Watoto wake walikuwa mbali, na simu zao zilikuwa na shughuli daima. Wiki ya tatu alitoka na kikombe cha maji, akakitazama chombo, akamimina kidogo, akapiga simu.

"Milimita mbili, mjukuu wangu."

"Mbili! Una bahati, bibi. Umeamkaje?"

Hiyo "umeamkaje" aliitafuna siku nzima.

Akamimina tena, na tena. Njia ya mwongo ni fupi: siku ya tisa kijana alifika mwenyewe, akasimama uani, viatu vimejaa vumbi.

"Bibi, vituo vingine vyote ishirini na sita ni vikavu. Wingu lako linatoka wapi?"

"Jikoni."

Kijana alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mwaka mzima wa kituo hiki siwezi kuuamini tena. Naufuta."

"Na vile vipimo vya kweli?"

"Nitavijuaje?"

Hilo lilimchoma. Miaka arobaini, hakuna shati lake lililowahi kurudishwa kwa kukosewa kipimo.

Kesho yake kijana alileta mashine, akaifunga kwenye nguzo. "Hii inasoma yenyewe, inatuma yenyewe. Wewe pumzika tu."

"Nipumzike? Nimechoshwa na nini?"

Kijana alikusanya vifaa vyake.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Bibi Kipimo alikuwa ameshaweka kopo tupu la maziwa chini ya nguzo. Asubuhi alitumbukiza rula yake ya kushonea, akaisoma mara mbili, akapiga simu.

"Najua, bibi, mashine imeshaniletea," kijana alisema. "Lakini vizuri umepima. Kopo linasemaje? Zikitofautiana, itabidi nije niikague."

Kile kikombe kilikuwa dirishani. Hata kukigusa hakukuwa na haja, ulimi ungetosha. Angesema kumi na nne, na kijana angefika kabla ya adhuhuri.

"Kumi na mbili," akasema.

"Zimelingana! Safi sana, bibi. Basi sina haja ya kuja."

Simu ikakatika. Bibi Kipimo alimwaga maji, akalifuta kopo ndani kwa upindo wa kanga, akalirudisha chini ya nguzo, akalinyoosha lisimame wima.