Pikapu Mbili na Mayai

Idrisa, mfanyabiashara wa Tabora mjini, alifika Ulyankulu na pikapu mpya. Akaibonyeza nyuma kwa kiganja. Ikashuka, ikapanda taratibu. Akaigeukia pikapu kuukuu ya Demetria, akaibonyeza kwa mikono miwili. Wapi! Haikutikisika.

"Shikamoo mama, lakini hili ni jabali," akacheka. "Abiria wako hawateguki viuno?"

"Marahaba." Mwaka wa ishirini sasa Demetria alikuwa akisomba tumbaku kwa gari hilo, na maneno ya mjini hayakumtisha. "Tupakie marobota kumi na mawili kila mmoja, na trei ya mayai juu yake. Tuonane mjini."

Wakapakia. Springi ngumu za Demetria zikalegea kidogo chini ya mzigo, gari likatulia. Pikapu ya Idrisa ikakalia matako, pua juu. Wapakizi wote waliona. Idrisa hakutaka kuona. Akatangulia kwa mbwembwe.

Njia nzima, kila shimo, Demetria alisikia mbele yake chuma kikigonga chuma. Yeye aliimba nyimbo za kwaya, na hakuna ubeti uliokatika.

Walipofika, ute ulikuwa ukichuruzika kwenye marobota ya Idrisa. Katika trei ya Demetria, yai moja tu lilikuwa na ufa. Akampa hilo.

"Kakaange, mwanangu. Wewe uliyapima magari yakiwa matupu. Mimi sikununua gari la kubebea upepo."