Kona Nne Safi

Jana usiku niliota nimepanga foleni nje ya hospitali, na watu wote walionitangulia walikuwa bapa. Ukiwatazama kwa mbele ni watu kamili, na khanga zao na chupa zao za uji. Wakigeuka ubavu wanapotea, unabaki mstari mwembamba tu. Nilijiambia hospitali imejaa siku hizi, bila shaka wamepata njia ya kubana nafasi, nikaendelea kusubiri zamu yangu.

Kabla sijafika mbali nieleze kidogo, maana mtu huota alichoshinda nacho. Pacha wangu, Nyakato, amelazwa wodi ya wanawake, hii ni wiki ya tatu. Homa inapanda na kushuka, na madaktari hawajaipatia jina. Mimi ni Nyangoma, nilimtangulia kuzaliwa kwa robo saa. Kwenye kitanda cha jirani yake alilala Editruda, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Muleba, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa, mwenye uso usio na hata alama ya chunusi.

Editruda ndiye aliyetuingiza kwenye kadi za Wanyama wa Ziwa, zile zinazouzwa kwenye kibanda cha getini, tano kwa pakiti. Kila kadi ina mnyama wake na namba ya nguvu zake. Ukitaka kucheza, mnaweka kadi chini, yenye namba kubwa inaichukua yenye namba ndogo. Ukitaka kukusanya, unanunua na kubadilishana mpaka zitimie sitini. Watu wazima wa miaka thelathini na minne tukawa tunararua pakiti kama watoto wa chekechea, kwa sababu Nyakato alipomwona kiboko alicheka, na hakuwa amecheka tangu alazwe.

"Dada Nyangoma, shika pembeni," Editruda alikuwa akinifundisha. "Kidole kisiguse picha. Usimpe mtu kadi uliyonayo moja tu, toa ile iliyojirudia. Na kona ikikunjika ndiyo basi tena, hakuna mkusanyaji atakayeitaka."

Za kwake zilikaa kwenye daftari lenye vijumba vya nailoni, na hakuwahi kuzichezea hata siku moja. Sisi tulicheza na zetu juu ya shuka lililomwagikiwa uji. "Nyie wachezaji mtakuja kulia," alitutania. Tulipata karibu zote, isipokuwa namba kumi na saba, yule samaki kamongo. Tulihangaika naye mpaka muuza kibanda akatuonea huruma.

Basi, nirudi kwenye ile foleni ya ndotoni. Nafika dirishani, na aliyeketi ndani ni kamongo mwenyewe, amevaa miwani, mkia ameutumbukiza kwenye ndoo ya maji.

"Jina?"

"Nyangoma."

"Umekuja kumwona nani?"

"Pacha wangu."

Akaandika taratibu. "Kwa hiyo mnazo mbili."

"Tuko wawili."

"Mama yangu, usinipotezee muda. Iliyojirudia hutolewa. Mkusanyaji amefika tangu asubuhi na amebakiza kijumba kimoja. Nenda darasa la tatu."

Nageuka, na korido ya hospitali ni darasa la tatu la shule yetu ya msingi. Ubaoni pameandikwa SHIKA PEMBENI kwa mwandiko wa mwalimu wetu. Wagonjwa wote wa wodi wameketi kwenye madawati, kila mmoja kavishwa kava la nailoni kuanzia utosini hadi vidoleni. Wanapumua, na nailoni inaingia ukungu penye midomo. Hakuna anayelalamika. Mzee mmoja ananiambia, sauti ikitokea mbali, kwamba humo ndani hakuna vumbi.

Nyakato yuko dawati la mbele. Kifuani kabandikwa karatasi: NGUVU 9. Nilikasirika, maana mwanamke aliyewahi kubeba gunia la maharage peke yake kutoka shambani hadi barabarani humpi tisa hata ukiwa umelewa.

"Wamekosea hawa," nikamwambia.

"Jana ilikuwa kumi na moja," akasema. "Usinishike katikati."

Ndipo Mkusanyaji akaingia. Alikuwa mrefu, kavaa sweta la kufuma na glavu nyeupe, ananukia karatasi mpya. Sikumwona mkali. Alibisha hodi kwenye kila dawati kabla ya kumkagua mtu. Kwapani alibeba albamu kubwa kama mlango, na aliyekuwa akiongea ni albamu. Yeye kazi yake ilikuwa kuifungua na kuifunga.

"Shikamoo," niliiamkia, maana ilionekana ina umri.

"Marahaba," ikajibu albamu. "Tafadhali usiguse kurasa."

Ikafunguka. Ukurasa wa kwanza niliwaona watoto watatu wachanga, kila mmoja na kijumba chake, wamefungwa shali, wamelala. Niliwajua bila kuambiwa. Ni wale watatu ambao mama aliwazika kabla yetu.

"Hawa tuliwachukua wakiwa wapya kabisa," ilisema albamu kwa fahari. "Kona nne safi. Siku hizi huwapati hivi."

Ukurasa uliofuata ulikuwa na vijumba viwili. Kimoja kimepigwa mstari wa wino mwekundu: NYANGOMA. ILIKATALIWA. KONA. Cha pili kilikuwa wazi, na chini yake pameandikwa jina la mdogo wangu.

Nikajishika sikio. Sikio langu la kushoto halina ncha. Bibi Kokushubila, mama yake baba, aliikata kwa wembe siku ya tatu baada ya kuzaliwa kwetu. Mwenyewe alieleza kuwa anayepita majumbani kuchagua watoto hapendi kitu chenye kasoro, akikiona anaguna na kwenda zake. Alipomaliza na mimi, akamgeukia Nyakato. Mama akamkumbatia mtoto na kukataa katakata. "Huyu mwacheni. Nami nipate walau mmoja mzuri."

Na kwetu pacha hawafanyiwi tofauti. Ukimpa mmoja ndizi, mwenzake apewe. Ukimnyoa mmoja, mwingine aletwe anyolewe siku hiyo hiyo. Bibi alifunga wembe wake kwenye kitambaa akasema, "Mmewagawia vibaya. Mtakuja kujuta." Nami nimekua nikiitwa yule wa sikio. Niseme ukweli, nilimwonea Nyakato wivu kila niliponunua hereni.

Mkusanyaji anavuta kava la Nyakato kwa ncha za vidole. Nataka kupiga kelele, lakini darasa limekwisha kuwa jiko la bibi, na bibi yuko kwenye kigoda anamenya ndizi. Haniangalii.

"Bibi, nipe wembe."

"Wembe nimezikwa nao."

"Sasa nifanyeje?"

"Meno unayo," akasema, akatupa ganda. "Miaka thelathini na minne, mjukuu wangu. Mnachelewa sana nyie."

Nikamuuma Nyakato. Kwanza nailoni, ambayo ilikuwa ngumu na haina ladha, halafu sikio. Nilisikia ncha ikiachia kama gegedu la kuku.

"Unaniuma, Nyangoma."

"Vumilia mdogo wangu, nakaribia kumaliza."

Mkusanyaji alimwinua kwa pembeni, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaliona sikio. Albamu ikavuta pumzi ndefu. "Kona," ilisema. "Inasikitisha. Sasa hivi tu ilikuwa safi." Wakamrudisha kwenye dawati kwa adabu, wala hawakunilaumu. Karatasi ya kifuani ikawa imeandikwa NGUVU 13.

Nilipiga vigelegele. Nililia kwa furaha mbele ya watu wale bapa, nikamshika pacha wangu katikati, kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyenikataza.

"Hata hivyo," ikasema albamu, "hatufungi ukurasa ukiwa na kijumba wazi. Nani mwingine wodini mwenu yuko safi?"

Nilijibu. Sikulazimishwa wala sikutishwa. Nilijibu mbio, mkono nimeunyoosha juu kama mwanafunzi aliyebahatika kujua jibu. "Editruda! Hajawahi hata kuchezewa."

"Ahsante sana," ikasema albamu.

Kamongo akagonga muhuri, na mlio wa muhuri ndio ulioniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chumvi, nikadhani nimejiuma ulimi. Niliutazama kwenye kioo, ulikuwa mzima. Nikapika uji wa ulezi, nikaujaza kwenye chupa, nikawahi muda wa asubuhi wa kuona wagonjwa. Foleni ilikuwa ya watu wanene na wembamba wa kawaida, na dirishani alikaa mlinzi yule yule wa siku zote. Nilimsalimia kwa furaha mpaka akashangaa.

Kitanda cha Editruda kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa, na mhudumu anafuta vyuma kwa dawa.

Nyakato alikuwa ameketi mwenyewe, bila mto mgongoni, kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Alikuwa analia. "Ametuacha alfajiri," akaniambia. "Hata chumba cha upasuaji hajafikishwa. Na mimi homa imeniachia muda ule ule, Nyangoma. Masista wamepima mara tatu, hawaelewi."

Akageuka kufuta machozi, nikaiona plasta. Ilikuwa ndogo, imebandikwa kwenye ncha ya sikio la kushoto.

"Hiyo nini?" nikauliza.

"Sista anasema labda nimejikwaruza usingizini. Nimeamka mto umelowa damu." Aliligusa sikio lake, akalitazama la kwangu, na kwenye machozi yale akatabasamu kidogo. "Bibi angefurahi. Sasa tumegawiwa sawa."

Nilimimina uji, nikaumwagia mkono wangu, sikusikia moto.

"Halafu kuna mzigo wako," akasema, akaingiza mkono chini ya mto. "Alinipa jana jioni, ulipokwisha kuondoka. Akasema, mpe dada Nyangoma, asihangaike tena na kibanda, mimi ninazo mbili."

Ilikuwa namba kumi na saba. Kamongo, mkia kwenye matope, nguvu ishirini na moja.

Daftari la Editruda lilikuwa bado juu ya kabati, likisubiri ndugu zake watoke Muleba. Nililifungua. Nilipitisha kidole kwenye vijumba vile vya nailoni, kimoja kimoja, wanyama wake wote wakinitazama. Baada ya kumi na sita ilifuata kumi na nane, na kati yao kijumba kilikuwa wazi. Nikapekua kurasa zote mpaka jalada la nyuma, na kamongo mwingine hakuwepo. Alikuwa nayo moja tu.

Aibu iliyonishika sijawahi kuijua, na sidhani kama itaniachia. Niliishika ile kadi katikati, kidole gumba juu ya picha, nikaikunja kona ya kwanza mpaka karatasi ikavunjika. Nilijua kwa Editruda nimechelewa. Nikakunja ya pili.

"Unafanya nini?" Nyakato akashtuka. "Nyangoma, unaiharibu!"

"Ndiyo," nikamwambia, nikakunja ya tatu.