Ngoro Ndani ya Mgahawa

Siku hiyo mjinga alikuwa Egidi, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo mjini Mbinga, amesimama mlangoni pa mgahawa wake kama askofu anayesubiri maandamano, atakusimulia kabla hujaagiza chai. Ila mwisho wa kisa huwa anauruka. Ndiyo maana tunausimulia sisi.

Jengo lilikuwa ghala la kahawa la marehemu baba yake. Alipoamua liwe mgahawa, mkewe Teodora, ambaye kibanda chake cha chakula pale sokoni hakijawahi kulaza chungu chenye kitu, alimpa sharti moja.

"Baba Luisa, sufuria zangu nitazihamisha. Lakini Mama Valeria na kamati yake ya kicheni pati wakija kukagua ukumbi wa kumfundia bibi harusi wakapakataa, jioni hiyohiyo zinarudi sokoni. Wewe utabaki kuwapikia viti."

Egidi akaogopa, na mwanamume akiogopa huita mtaalamu. Akaletewa binti kutoka Songea, Jacqueline, mbunifu wa mambo ya ndani. Mtaa ukachangamka. "Mambo ya Ndani wamefika kwa Egidi," watu wakanong'onezana, "sijui kafanya nini safari hii."

Jacqueline aliingia na futi kamba shingoni.

"Shikamoo, baba. Mteja akifungua mlango, unataka aone nini kwanza?"

"Marahaba. Anione mimi."

Binti akaandika kitu kwenye daftari. "Na akishakuzoea?"

Hapo Egidi akafunguka: dari la jipsamu la ngazi tatu, taa za kupepesa, maua ya plastiki, na kioo kikubwa chenye mchoro wa tausi. Jacqueline alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akabakiza kioo, tena bila tausi. Mbao za ghala zikasuguliwa zikabaki na rangi yake, madirisha yakapanuliwa. Taa zingefunikwa kwa migono, ile mitego ya samaki ya kusukwa, ambayo angeifuata mwenyewe kwa Mzee Norbert kule Mbaha, ziwani.

Siku moja kabla ya ukaguzi Jacqueline alipiga magoti akachora sakafu nzima kwa chaki: miraba kumi na miwili iliyoshikana, imenyooka utadhani imepigwa pasi.

"Baba, meza na viti vikifika, vipange kama nilivyochora. Mimi nashuka ziwani. Kesho saa nne nipo."

Gari likaondoka. Egidi akabaki anaitazama ile miraba, na moyo ukaanza kumdunda kwa furaha, maana aliijua. Ameijua tangu hajaota ndevu.

Kwao Maguu, mlimani, watu hulima ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba, udongo wakafunikia nyasi, na mbegu wakazipanda palepale juu ya mistari. Shimo la katikati halipandwi kitu. Hilo ni la mvua.

"Binti kasoma," Egidi akamwambia Antoni, fundi aliyeleta viti, "lakini kwao hajapasahau. Panga juu ya mistari. Katikati usiguse."

Antoni akajikuna shingo. "Mzee, mie ningeweka meza katikati ya boksi, watu wapite pembeni."

"Umewahi kulima ngoro wewe?"

"Mie wa mjini, mzee."

"Basi shika kiti."

Wakapanga: kiti, kimeza, kiti, kimeza, mgongo kwa mgongo, juu ya kila mstari bila kuacha hata upenyo wa kuku. Kilipobaki kiti kimoja Egidi akakitia kwenye kona, akarudi nyuma akalitazama shamba lake kama mtu aliyeona mahindi yamebeba.

Asubuhi Teodora alikuja na sinia la vikombe. Akajaribu kulia, akajaribu kushoto, akasimama.

"Baba Luisa, chai itamfikia mteja kwa kurushwa?"

Kabla Egidi hajajibu, gari la ziwani likafunga breki nje, na nyuma yake Mama Valeria na wanakamati watatu wakawa wanateremka kwenye bajaji. Jacqueline aliingia wa kwanza, amekumbatia migono mpaka kidevuni. Akasimama.

"Baba. Nani kafanya hivi?"

"Sisi. Kama ulivyochora."

"Nilichora pa kuweka meza. Meza ndani ya mraba."

Egidi aliielewa sentensi hiyo taratibu, kama mtu anayezama topeni. Nyuma yake alisikia Teodora akifunika sufuria, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kusikika.

Mama Valeria akaingia. Mwanamke mpana, mwenyekiti tangu kuzaliwa. Akaangaza ukumbi wote.

"Nani kalima humu?"

Akakusanya kitenge chake, akavuka kiti kwa msaada wa wenzake wawili, akatua katikati ya mraba wa kwanza. Akajizungusha polepole.

"Mwaka jana kule ukumbini nilikaa nyuma," akasema. "Bibi harusi sikumwona. Niliona visogo. Humu wa nyuma yuko wapi?" Akacheka mpaka kitenge kikamlegea. "Bibi harusi tutamtembeza, shimo kwa shimo, kila ngoro impe zawadi zake. Jumamosi tunakuja. Sasa nitoeni."

Wenzake wakapiga vigelegele. Jacqueline hakupoteza muda: akang'oa kiti kila kona ya mraba, njia zikafunguka, akapanda ngazi na kuning'iniza mgono juu ya kila shimo. Teodora akapita na sinia hadi mwisho wa ukumbi bila kumwaga tone, akarudi, akafunua sufuria.

Hapo ndipo Egidi alipopona, akapona kupita kiasi.

"Mwanangu Jacqueline, ukiulizwa, sema mpangilio ni wangu."

"Baba, ulikosea ukabahatika. Bila kona zangu Mama Valeria angekuwa bado yumo shimoni."

"Kona ni za kupitia tu. Wazo ni langu. Tena Jumamosi nitasimama hapa katikati, nivae suti, niwaeleze akina mama nilivyobuni."

"Kwenye kicheni pati haingii mwanamume, baba."

"Mwenye wazo anaingia. Ngoro ni yangu, nimeipanga kwa mkono wangu, nani atanitoa?"

Teodora akaliweka sinia mezani.

"Baba Luisa, kwenye ngoro mwanamume hulaza nyasi, basi. Nyasi umeshalaza. Tupishe, tupande."